Erika wa Mlandege

  

Nimepewa wasaa huu nizungumze juu ya jambo ambalo sisi watu wazima aghalabu hulipita kwa dharau, nalo ni katuni za watoto, na katika katuni zote zilizojaa majumbani mwetu nimechagua moja tu, iliyotolewa tarehe 28 Septemba 2004 kwa jina la Barbie as the Princess and the Pauper, ambalo kwa lugha yetu lingekuwa Barbie, Binti Mfalme na Binti Fukara. Huenda msikilizaji mwenye heshima zake akastaajabu kwamba mtu aliyeota mvi aketi mbele ya kipaza sauti kusimulia habari za mwanasesere wa Kimarekani. Na astaajabu, hapana ubaya. Ila asizime redio, kwa kuwa filamu hiyo imedumu katika vyumba vya Mlandege, hapa Iringa mjini, kwa muda mrefu kuliko riwaya nyingi nilizozisifu mimi, na kinachodumu hivyo katika vichwa vya watoto chastahili kutazamwa na wazee wao bila ya haraka wala kiburi.

Asili yake ni biashara. Mwanasesere Barbie alionyeshwa kwa mara ya kwanza katika maonyesho ya vitu vya kuchezea jijini New York tarehe 9 Machi 1959, naye aliletwa na Bi Ruth Handler, mmoja wa waasisi wa kampuni ya Mattel, ambaye alikuwa amemtazama binti yake Barbara akicheza na picha za wanawake zilizokatwa katika karatasi, akatambua kwamba mtoto wa kike hapendi sikuzote kumbembeleza mtoto mchanga wa bandia, bali hupenda pia kujifanya mwanamke mzima mwenye safari zake na kabati lake la nguo. Umbo lenyewe hakulibuni yeye. Alilikuta Uswisi mwaka 1956 katika sura ya Lilli, mwanasesere wa Kijerumani ambaye naye alizaliwa katika vibonzo vya gazeti la Bild, hata yaweza kusemwa kwamba tangu hapo kale kiumbe huyu amekuwa akitoka katika picha kuingia katika plastiki, na kutoka katika plastiki kurejea katika picha. Kimo chake ni kiasi cha sentimita 29, na hila ya biashara yake ilikuwa katika mavazi, maana kila gauni, kila kiatu na kila mkoba huuzwa peke yake.

Mwaka 2001 Mattel wakamtia katika filamu yake ndefu ya kwanza iliyochorwa kwa kompyuta, wakikopa kisa na muziki wa The Nutcracker wa Tchaikovsky, na kazi ikafanywa na kampuni ya Mainframe ya Vancouver, Canada. Baada ya miaka mitatu ikafuata hii ninayoizungumzia, ikiongozwa na William Lau, nayo ilikuwa ya kwanza katika mfuatano huo kutungwa kama mchezo wa nyimbo. Mabinti wawili walio wahusika wakuu wamesemewa na mwigizaji mmoja, Kelly Sheridan, lakini wanapofika kwenye kuimba kila mmoja amepewa koo lake, Melissa Lyons kwa binti mfalme na Julie Stevens kwa fukara, ilhali yule mwovu Preminger ametiwa sauti na mchekeshaji Martin Short, ambaye kwa sikio langu ndiye aliyeifurahia kazi yake kuliko wote. Filamu ilipoingia sokoni, wanasesere wa mabinti hao wawili, wenye kuimba pia, walikuwa tayari wamepangwa madukani Marekani. Dhahiri basi kwamba dakika zote hizo, nazo hazipungui sana 85, zilikuwa tangazo la bidhaa.

Sasa yaliyotokea Mlandege ni haya: tangazo lilifika, bidhaa haikufika.

Filamu ilikuja katika diski za kurudufu, zile ambazo moja hubeba filamu kumi na kitu, na jalada lake lina picha ya filamu ambayo ndani haimo. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 haikubaliani na biashara hiyo, nami simtetei muuzaji. Baadaye diski zikachakaa, filamu ikahamia kwenye flash, na kijana wa kibandani mwenye kompyuta akawa humwingizia mzazi katuni kwa pamoja bila hata kuuliza majina yake. Lakini mwanasesere wa Anneliese, yule binti mfalme, au wa Erika, yule fukara, sikumwona katika duka lolote la Iringa. Aliyekuwapo, na aliyepo hadi leo, ni yule mwepesi wa plastiki iliyo tupu ndani, ambaye mkono wake huchomoka siku ya kwanza, na nywele zake zimepandwa ukingoni mwa utosi tu, ukizifunua unakuta upara unaong'aa. Huyo hana jina wala kisa. Hununuliwa sikukuu, na kabla ya sikukuu ya pili amekwisha lala shimoni nyuma ya nyumba.

Kwa hiyo watoto wa Mlandege walipata kisa kitupu na nyimbo tupu, bila ya kile ambacho kisa na nyimbo vilitungwa ili kukiuza, na mimi nasema kwamba hasara hiyo ya Mattel ilikuwa faida yetu, kwa sababu kisa kikikosa duka hurudi kuwa ngano, na ngano ni mali ya anayeisimulia.

Kwa ambaye hajaiona, mambo yake ni haya. Mabinti wawili wamezaliwa siku moja katika nchi moja, Anneliese kwa mfalme, Erika kwa maskini, wakafanana sura kama shilingi kwa ya pili. Mgodi wa dhahabu wa ufalme umekauka, na Malkia, kwa dhiki ya hazina, ameazimia kumwoza bintiye kwa mfalme tajiri wa nchi jirani, Dominick, ilhali moyo wa binti uko kwa mwalimu wake Julian. Erika kwa upande wake ni mshona nguo katika duka la mwanamke mmoja mkali, Madame Carp, na haruhusiwi kuondoka kwa sababu wazazi wake walikopa fedha kwa mwanamke huyo na yeye analipa kwa sindano. Preminger, mshauri wa Malkia, ambaye ndiye aliyeiiba ile dhahabu, anamteka binti mfalme. Erika anavishwa nguo za kifalme ashike nafasi yake, na binti mfalme, akitoroka, anadhaniwa kuwa Erika na kufungiwa katika duka la kushona. Yuko pia paka anayebweka kama mbwa, wa Erika, na watoto humpenda kuliko wafalme wote.

Mbegu ya kisa imetolewa katika kitabu cha Mark Twain cha mwaka 1881, ambamo waliobadilishana ni wavulana wa London. Walakini sisi wa lugha hii hatukuhitaji kumngoja Twain, maana waliokaa barazani wakisimuliwa Alfu Lela Ulela wanamjua Abu Hasan, yule aliyelala kwake mtu wa kawaida na kuamka katika kitanda cha Harun ar-Rashid, akahukumu na kuamrisha kama khalifa, kisha akarudishwa kwake akidhani amepatwa na wazimu. Na katika habari ya kuchanganya masimulizi na nyimbo, hilo pia si jambo geni la kompyuta: bibi zetu waliposimulia, ngano ilikuwa ikifika mahali pa huzuni au pa hatari husimama, na wimbo ukaingia, sote tukaitikia, kisha ngano ikaendelea, na waliolelewa na Redio Tanzania Dar es Salaam wanakikumbuka kipindi cha Mama na Mwana cha Bi Debora Mwenda, ambacho kilituweka kimya watoto wa nchi nzima kwa sauti ya mtu mmoja.

Ngano hiyo ya Erika niliikuta hai siku moja. Nilikuwa nimepeleka suruali ipunguzwe kiuno kwa fundi mmoja mwanamke, ambaye cherehani yake iko barazani pa duka hapo Mlandege, nikakaribishwa kwenye stuli ningoje. Chini ya meza ya cherehani walikuwapo wasichana wanne au watano wakiokota vipande vya vitenge vinavyoanguka, na kila mmoja ana gunzi la hindi, lingine bado lina ndevu zake za rangi ya shaba, ambazo walizisuka mistari miwili na kuzifunga kwa uzi wa fundi. Gunzi lilivishwa kipande cha kitenge, likakazwa kiunoni, na pale penye shingo pakazungushwa ukanda mwembamba wa bitana. Waliponiona wakasema shikamoo babu kwa pamoja, nikaitikia marahaba, wakarudi kwenye ugomvi wao, na ugomvi wenyewe ulikuwa juu ya nani awe Erika. Mmoja akadai ni zamu yake. Mwingine akasema jana alikuwa yeye, na juzi pia. Wa tatu akadai gunzi lake ndilo jeusi kuliko yote kwa hiyo ndilo Erika hasa, kwa kuwa katika filamu Erika ana nywele za rangi ya udongo na Anneliese ana za dhahabu. Nafasi ya binti mfalme alitwishwa mtoto mdogo kuliko wote, karibu na kulia, akaambiwa akae juu ya debe asisogee. Palikuwa na mvulana mmoja, naye alikuwa paka, akibweka kwa bidii iliyowafanya wapita njia wageuke.

Nikamwuliza fundi imekuwaje hakuna atakaye ubinti mfalme.

"Yule ana nguo tu, mzee," akanijibu bila ya kuinua macho kwenye sindano. "Mwenye kisa ni huyo mwenye deni."

Sikuwa na la kuongeza, wala sasa sina, isipokuwa kueleza kwa nini neno hilo lina uzito zaidi katika Iringa kuliko lingekuwa nalo pengine. Mkoa wetu una jina ambalo halitufurahishi, jina la kuwa chimbuko la wasichana wa kazi za nyumbani, na hakuna familia ya mjini Dar es Salaam, ukiiuliza alikotoka dada wa kazi, ambayo itashangaa kulisikia jina la Iringa au la Njombe. Kabla yao walikuwa babu zao, waliochukuliwa na mawakala kwa mikataba ya manamba kwenda kukata mkonge, na tangu mwaka 1944 wenye mashamba wakawa na ofisi yao maalumu ya kuandikisha vibarua, iitwayo SILABU, iliyofika mpaka nyanda hizi za juu. Mtoto wa Mlandege anajua maana ya kupanda basi alfajiri na mfuko mmoja. Anaye dada, au binamu, au jirani, anayekaa katika nyumba ya watu, ambaye ujira wake pengine hupokewa na mwingine, na ambaye hawezi kusema kesho narudi kwetu. Mtoto huyo akimwona Erika ameinama juu ya kitambaa usiku ilhali mwenye duka anahesabu fedha, haoni ufalme wa mbali. Anamwona mtu wa ukoo wake. Na ni sadfa tu, lakini nimeona niitaje, kwamba Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, inayokataza kumwajiri mtoto aliye chini ya miaka 14, ilipitishwa na Bunge letu mwaka ule ule wa 2004.

Hii haina maana kwamba filamu ni mwalimu wa haki. Kasoro yake iko hapo hapo penye uzuri wake, maana baada ya kutuonyesha deni, na jinsi deni linavyorithiwa na mtoto asiyelikopa, hakuna kadhi wala hakimu aitwaye kumwuliza Madame Carp riba yake ilihesabiwaje. Tunapelekwa harusini, harusi mbili kwa siku moja, na vigelegele vya harusi huzima maswali mengi. Nyuso nazo zimechorwa kwa kalibu moja, hata huwezi kusema kama ni za furaha au za kuumwa jino, na hili si ajabu kwa kuwa zimepaswa kufanana na plastiki.

Lakini yako mawili ambayo niliyapima na kuyaona ni ya kweli. La kwanza ni kwamba Erika, mfalme Dominick anapomposa, hakubali papo hapo. Anasema ametamani kuimba tangu utotoni na kwanza ataizunguka dunia akiimba, ndipo arudi, na kweli anakwenda na kurudi kwa hiari yake. La pili linahusu mgodi. Kila mtu katika ufalme ule analia kwamba dhahabu imekwisha, na binti mfalme, aliyesoma elimu ya mawe kwa mwalimu wake badala ya kukaa tu na kusukwa, ndiye anayetambua kwamba yale mawe ya kijivu yanayotupwa na wachimbaji yana vito vya zambarau ndani. Wasikilizaji wa Mbeya wanajua ninachokitazama. Chunya, katika miaka ya 1930, dhahabu ya Lupa ilipowavuta watu wa kila kabila na kila rangi, ilikuwa mji wenye jina, na baada ya migodi mikubwa kufungwa ikabaki na majumba makuukuu na masimulizi ya wazee, mpaka wachimbaji wadogo walipoifufua wakipita juu ya vifusi vya waliotangulia. Mtoto wa Chunya aweza kuisahihisha filamu hiyo katika mambo ya kuchimba, lakini asingeikana.

Nimalizie na lugha, kwa kuwa hapo ndipo ninapoona tumezembea. Wasichana wale wa barazani walikuwa wakiimba, na walichoimba ni sauti zenye umbo la Kiingereza lisilo na neno hata moja lililo kamili. Walikuwa na tuni yote, wameishika barabara, na ndani ya tuni hamna kitu. Masimulizi waliyafanya kwa Kiswahili, na ugomvi pia, na vichekesho wakavichovya katika Kihehe, ila kila walipofika kwenye wimbo waliingia katika lugha isiyo ya mtu yeyote. Mtu asiniambie kwamba kazi hiyo haiwezekani. Mwaka 2011 Televisheni ya Taifa iliwaonyesha Watanzania tamthilia ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake ikisema Kiswahili, na watu wakaigombania. Azam nao wamewatia Waturuki Kiswahili mpaka bibi wa kijijini anamjadili Sultani kama shemeji yake. Na kabla ya wote hao alikuwapo katika mabanda ya video Derek Mukandala, mashuhuri kwa jina la Lufufu, aliyekuwa akisema mbele ya filamu za ng'ambo, hata Titanic ikazama kwa Kiswahili. Hao wote walikuwa na mazungumzo ya kutafsiri. Nyimbo ni ngumu zaidi, nakubali, kwa sababu mizani ya tuni ni ya mwenyewe nawe huna ruhusa ya kuongeza silabi. Lakini hili ni taifa la watunga tenzi, ambao wamekwisha kuishi miaka mingi ndani ya mizani nane kwa nane bila ya kulalamika.

Na hata tusipotafsiri, tunavyo vyetu. Mwaka 2010 picha za shule ya Edward Saidi Tingatinga, mtu wetu, ziligeuzwa katuni mjini Nairobi kwa jina la Tinga Tinga Tales, na muziki ukatungwa na Eric Wainaina, lakini ilitengenezwa kwa Kiingereza kwa ajili ya watazamaji wa Uingereza na Marekani, ikawa mali iliyotoka kwetu na kurudi ikiwa mgeni. Tangu mwaka 2014 Ubongo Kids, ya vijana wa Dar es Salaam, imewaimbisha watoto hesabu kwa Kiswahili, na ndugu yake Akili and Me ina binti wa miaka minne anayekaa chini ya Kilimanjaro; naziheshimu zote mbili, ila kusudi lao ni somo, na mtoto ana haki ya kupewa pia kisa ambacho hakimfundishi kujumlisha.

Kisa hicho kipo. Fukara mwenye sauti hatuna haja ya kumtafuta katika ufalme wa kubuni, maana alizaliwa Fumba, Unguja, mtoto wa mfinyanzi, akapita mitaani akinadi vyungu vya mama yake kwa kuimba, akaingia mjini, akajifunza, na katika zama ambazo taarab ya majumba ya kifalme iliimbwa kwa Kiarabu, yeye akaiimba kwa Kiswahili. Mwaka 1928 akapanda meli kwenda Bombay kuingiza sauti yake katika santuri, na alipofariki mwaka 1950 Shaaban Robert alikuwa na ya kutosha kumwandikia kitabu kizima, Wasifu wa Siti binti Saad. Fikirini hayo yakichorwa: vyungu kichwani, vichochoro vya Mji Mkongwe, ile meli, chumba cha kurekodia cha Bombay chenye pembe kubwa ya kuingizia sauti au kipaza sauti cha wakati ule, na kila mahali pa kuimba wimbo uko tayari, hauhitaji kutungwa. Wachoraji tunao. Sauti tunazo, nimezisikia chini ya meza ya cherehani. Atakayethubutu namwomba jambo moja tu la kiufundi, ambalo nimelithibitisha kwa wenyewe: paka awemo, na kama hataweza kubweka, basi angalau aimbe, maana bila ya paka watoto wa Mlandege hawatakaa.